Kuhamishia kihariri cha kilo kwenye MS-DOS: kumbukumbu inaisha kwa faili la KB 22

Disketi_Moja
Wakuu, habari za kazi. Hii ni wiki ya tatu nimekwama.

Marehemu mjomba aliniachia kompyuta ya 8088 (prosesa ya zamani ya Intel), RAM 640 KB, MS-DOS. Bado inawaka vizuri, na sijawahi kugusa kibodi tamu kama ile. Nataka niwe naandikia shajara yangu humo. Nikachukua kilo, kile kihariri cha Salvatore Sanfilippo cha 2016, kwa sababu chote ni mistari kama elfu moja ya C na hakitegemei ncurses (maktaba ya kuchorea skrini). Nakompaili kwa Open Watcom (kikompaili cha C) kwenye laptop, modeli ndogo ya kumbukumbu, kisha nahamisha kwa disketi.

Termios (sehemu ya Unix ya kudhibiti terminali) nimeshaitoa, vitufe nasoma kwa INT 16h (huduma ya BIOS ya kibodi), skrini nachora kupitia ANSI.SYS (kiendeshi cha DOS kinachotafsiri amri za skrini). Faili la KB 5 linafunguka bila tatizo. La KB 22 (mistari 410) linafika kupita nusu kidogo, halafu mistari inajaa takataka, na nikitoka naambiwa kuna kilichoandikwa kwenye anwani 0. KB 22 zinashindwaje kuenea kwenye 640?

kazi_ya_usiku
Kompaili kwa -ml (modeli kubwa), mkuu. Itafunguka.

Baiti4000
Itafunguka kweli, ila mkuu usianzie hapo, utakuwa umefunika tatizo. Nilipita njia hiyohiyo na nikapoteza maandishi.

Kwenye modeli ndogo, data, staki na kila unachoomba kwa malloc vinagawana segimenti moja ya KB 64. Hizo 640 huzioni kabisa. Sasa fungua kilo.c utazame struct ya erow, rekodi ya mstari mmoja. Kila mstari wa faili unatunzwa mara tatu: chars, yaani maandishi yenyewe, render, maandishi yaleyale yakiwa yamekunjuliwa tabu, na hl, baiti moja ya rangi kwa kila herufi ya render. KB 22 mara tatu ni 66, umeshapitiliza. Na bado erow yenyewe ina int nne na pointa tatu, kila moja baiti mbili, yaani baiti 14 kila mstari; kwa mistari yako 410 ni 5740. Kibaya zaidi, kila mstari mpya unapoingia, safu nzima ya erow inapitishwa kwenye realloc ili itanuliwe. Ikikosa nafasi ya kutanuka inahamishiwa kwingine, nyuma inabaki shimo.

Malloc ikishindwa inarudisha NULL (yaani anwani 0), na kilo karibu kote kwenye msimbo wake haiulizi. Kwenye Linux programu ingekufa papo hapo. DOS haina ulinzi huo. Unaandika kwenye anwani 0 na kazi inaendelea huku data yako ikiharibika.

Mimi nilifuta render na hl kwenye struct. Skrini ina mistari 25 tu, kwa hiyo tabu na rangi nazikokotoa wakati wa kuchora, kwenye bafa moja ya herufi 80. Safu ya erow naitanua nafasi 64 kwa mkupuo.

Halafu angalia editorRowsToString, tafadhali, kabla hujaandika hata siku moja ya shajara. Wakati wa kuhifadhi, kilo inanakili faili zima kwenye bafa jipya, hiyo ni nakala nyingine tena, na urefu inauhesabu kwa int. Kwako int ni biti 16, mwisho 32767. Faili likizidi hapo hesabu inageuka hasi. Andika mstari mmoja mmoja kwenye faili la muda, ukimaliza salama ndipo ulibadilishe jina. Maandishi ya mtu hayarudi yakishapotea.

Disketi_Moja
Asante sana mkuu. Nimeondoa render na hl, KB 22 zinafunguka zote. Kuhifadhi naandika upya leo. Kimebaki kitu kimoja: nikishikilia mshale wa chini, skrini inabaki nyuma, nikiachia inaendelea kushuka yenyewe.

kazi_ya_usiku
Hiyo ni ANSI.SYS. Achana nayo, andika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, B800:0000, kwa pointa ya far (inayofika nje ya segimenti yako). Kila nafasi ni baiti mbili, herufi kisha rangi (07 ni kijivu juu ya nyeusi), skrini nzima baiti 4000. Kama kadi ni ya rangi moja, anza B000. Kwenye CGA (kadi ya rangi ya IBM) ya asili utaona vidoti kama theluji. Subiri retrace (mwale wa skrini unaporudi) kwenye poti 3DAh. Kursa ifiche kwa INT 10h (huduma ya BIOS ya skrini), AH=01, maana ESC[?25l, amri ya kuificha, ANSI.SYS haiijui.

Disketi_Moja
Nimefanya yote. Kadi ni CGA, theluji niliiona na imekwisha. Usiku nimefungua faili la KB 31, nikalihifadhi mara kumi mfululizo kwa majina tofauti, kisha nikalinganisha kila moja na la kwanza kwa FC. Hakuna tofauti hata moja. Shajara nimeianza, na ukurasa wa kwanza nimemwandikia mjomba.