Kwa nini misitu ya milima ya mashariki ya Marekani ilisubiri hadi 1911?

Mto_na_Msitu:
Wakuu, sheria ya 1891 ilimruhusu Rais wa Marekani kutenga misitu ya hifadhi. Wananchi wa Asheville, North Carolina, waliunda chama cha kudai ulinzi wa milima ya Appalachian Novemba 1899. Mbona Sheria ya Weeks, iliyoiruhusu serikali kuu kununua misitu hiyo, ilikuja kusainiwa Machi 1, 1911? Nani alikwamisha, na nini kilifungua njia?

Kumbukumbu:
Tofauti iko kwenye umiliki. Sheria ya 1891 iligusa ardhi ya umma tu, na ardhi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa magharibi. Kule tangazo la Rais lilitosha; milima ya San Gabriel, California, ilitengwa hivyo Desemba 1892. Mashariki milima ilikuwa mikononi mwa watu binafsi na kampuni za mbao. New Hampshire, jimbo la kaskazini-mashariki, iliuza misitu yake ya milima ya White Mountains mwaka 1867. Kwa hiyo serikali ilipaswa kununua, na fedha za kununulia hutolewa na Bunge.

Bonde la Juu:
Nakubaliana na Kumbukumbu, ila kosa la hoja nalo lilichelewesha. Chama cha Asheville, kilichoanzishwa na daktari Chase Ambler, kiliomba mbuga ya taifa. Bunge likatoa dola 5,000 mwaka 1900 kwa ajili ya uchunguzi, na Rais Theodore Roosevelt akalipelekea ripoti iliyounga mkono. Lakini Spika Joseph Cannon hakutaka fedha za umma zitumike kununua mandhari. Mwaka 1903 chama kikabadili jina na kuanza kudai msitu wa hifadhi, yaani msitu unaotunza maji na kuvunwa kwa mpango. Mwaka 1905 kikavunjwa, kazi ikabebwa na wengine.

Kaskazini, gavana wa zamani Frank Rollins na wenzake walianzisha chama cha kulinda misitu ya New Hampshire mwaka 1901, wakamwajiri mtaalamu wa misitu Philip Ayres. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora wa kampeni nzima, kwa sababu walipata mtu wa kufanya kazi hiyo kila siku. Kisha kaskazini na kusini wakaunganisha madai yao katika muswada mmoja. Kila upande peke yake ulikuwa na kura chache mno.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa Katiba. Mwaka 1908 Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ilisema serikali kuu inaweza kununua ardhi kwa lengo la kulinda upitikaji wa mito kwa vyombo tu. Tangu hapo hoja ikawa moja: msitu wa mlimani hulinda mto.

Hati Safi:
Hoja hiyo ndiyo iliyounda utaratibu wa kununua. Kwanza, ilitakiwa bunge la jimbo litoe ridhaa. North Carolina ilishafanya hivyo 1901. Kisha wanajiolojia wa serikali wathibitishe kwamba kumiliki eneo hilo kutasaidia upitikaji wa mto. Tume ya watu saba (mawaziri watatu, maseneta wawili, wawakilishi wawili) iidhinishe eneo na bei. Malipo hayakutoka mpaka Mwanasheria Mkuu aridhike na hati ya umiliki wa ardhi, na hapo ndipo mambo yalikwama, maana hati za milimani zilikuwa na mipaka inayoingiliana. Muuzaji aliruhusiwa kubakiza miti au madini, mradi masharti yaandikwe kwenye hati.

Angalieni pia tarehe. Sheria ilitenga dola milioni 1 kwa mwaka wa fedha ulioisha Juni 1910, kisha zisizozidi milioni 2 kila mwaka hadi Juni 1915. Ilisainiwa Machi 1911, kwa hiyo ile milioni ya kwanza ilikuwa imeshapita muda. Ununuzi wa kwanza ulikuwa ekari zipatazo 8,100 katika wilaya ya McDowell, North Carolina.

Mto_na_Msitu:
Asanteni sana. Na hoja ya maji, wataalamu waliikubali?

Bonde la Juu:
Si wote. Mhandisi wa jeshi Hiram Chittenden aliipinga 1908, na mkuu wa idara ya hali ya hewa, Willis Moore, akafuata 1910. Kwa White Mountains wanajiolojia walipima mabonde mawili madogo, moja lenye msitu na jingine lililokatwa na kuungua. Theluji ya Aprili 1912 ilipoyeyuka, bonde lililoungua lilimwaga maji upesi zaidi. Kwa msingi huo ununuzi wa huko ukaruhusiwa kuendelea.