Kupitisha bomba la nyaya juu ya uwanja kati ya majengo mawili ya karakana, Themi (Arusha)

Randa_Themi
Wakuu, habari za kazi. Tuna karakana ya mbao katika eneo la viwanda la Themi, na tumejenga jengo la pili ng'ambo ya uwanja, mita 14 kutoka la kwanza, ambako tutahamishia mashine za randa na kompresa zenye jumla ya takribani kilowati 30 za fezi tatu. Uwanja una zege nene lenye nondo, kwa hiyo fundi wetu anapendekeza tusichimbe. Anataka kuunganisha mabomba ya PVC ya milimita 50 kutoka ukuta hadi ukuta, chini kidogo ya paa, kwenye kimo cha mita 4.8, kisha apitishe ndani yake nyaya za umeme pamoja na kebo ya mtandao wa kompyuta na kamera. Malori ya mbao hupita hapo kila siku. Je, bomba hilo litahimili umbali huo bila nguzo ya katikati?

NguzoNaWaya
Mleta mada, halitahimili. Mwongozo wa Uingereza unaoambatana na BS 7671, yaani kanuni za huko za ufungaji wa umeme, unaruhusu hata bomba zito la chuma, lenye kipenyo kisichopungua milimita 20 na lisilo na kiungo, livuke kati ya majengo kwa mita 3 tu. PVC yenye viungo kwa mita 14 itapinda kwa uzito wake na wa nyaya zilizomo. Isitoshe, PVC hurefuka kwa takribani milimita 0.07 kwa kila mita na kwa kila nyuzi moja ya joto, maana yake ni karibu sentimita 3 kati ya alfajiri ya baridi ya Julai na bomba lililopigwa na jua la mchana wa Februari, na viungo ndivyo vitakavyoachia kwanza, halafu mvua za masika ziingie ndani.

Kwa umbali huo, mzigo ubebwe na waya wa chuma uliosukwa na kupakwa zinki, na chini yake ifungwe kebo yenye ngao ya nyaya za chuma, bila bomba lolote hewani. Tuseme kebo, waya na vifungio vina uzito wa kilo 2 kwa mita. Ukiruhusu waya ulegee sentimita 28 katikati, mvuto kwenye kila ukuta utakuwa takribani kilo 175. Ukiukaza hadi ulegee sentimita 14 ili tu upendeze macho, mvuto unafika kilo 350, na hapo upepo haujahesabiwa. Waya wa milimita 8 hauna shida na mzigo huo, kwa kuwa hukatika kwa zaidi ya tani 3. Wasiwasi wangu ni ukuta.

Kimo nacho hakitoshi. Mwongozo huohuo unataka mita 5.8 mahali panapokatizwa na barabara, zikipimwa kutoka sehemu ya chini kabisa ya mlegeo. Kontena refu lina kimo cha mita 2.9, ukiliweka juu ya tela la mita 1.5, umebakiwa na sentimita 40 tu chini ya bomba la fundi wako.

Mzee wa Mfereji
Kwa nini mnaogopa zege? Likatwe kwa msumeno wa zege, upana wa sentimita 30, kebo ilazwe juu ya mchanga kwa kina kisichopungua sentimita 60, utepe wa tahadhari uwekwe juu yake, na zege lirudishiwe. Lori halitaigusa kamwe.

Randa_Themi
Shikamoo mzee. Tungechimba, lakini katikati ya uwanja unapita mfereji wa maji ya mvua uliojengewa, na mwenye kiwanja hataki uguswe. Kuta zetu ni za tofali za saruji, na linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) iko kwenye mita 4.5. Tunafikaje mita 5.8?

Mzee wa Mfereji
Marahaba. Kama mfereji hauguswi, basi nendeni juu.

NguzoNaWaya
Simamisha nguzo ya chuma kando ya kila jengo, yenye msingi wake wa zege, yenye kimo cha kutosha kufunga waya kwenye mita 6.2 hivi, na uweke stei (waya wa kuishikilia nguzo hadi ardhini) upande wa nyuma ili mvuto usiende ukutani. Bolti ya kubebea waya isifungwe kamwe kwenye tofali tupu. Mhandisi wa majengo akokotoe nguzo na msingi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nguzo iliyoinama. Bomba la chuma litumike pale kebo inaposhuka, ili kuikinga na fokolifti, na kabla ya kuingia jengoni kebo ilegezwe kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke nje.

Ethi_Kwanza
Naongeza la kebo ya mtandao, ambalo wengi hulipita. Isikae pamoja na nyaya za umeme ndani ya bomba moja, na kati ya majengo mawili ni bora iwe faiba isiyo na chuma ndani yake, kwa sababu radi ikipiga karibu, ethi (viunganisho vya umeme na ardhi) za majengo hayo zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya volti kwa muda mfupi, na kebo ya shaba ndiyo itakayopitisha tofauti hiyo hadi kwenye kompyuta. Waya wa kubebea na nguzo zote mbili viunganishwe na ethi, na ngao ya kebo ifungwe kwa glandi (kifungio cha mwisho wa kebo) stahiki. Kwa kilowati 30 tarajia takribani ampea 51 kwa kila fezi. Ukubwa wa kebo uchaguliwe kwa kuzingatia jua na mashine zinavyoanza, si ampea hizo peke yake. Kabla ya yote, muulize fundi wako daraja la leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kwa kuwa si kila daraja linaruhusiwa kufanya kazi ya mzigo huu.

Randa_Themi
Nashukuru sana. Fundi nimemwonyesha hesabu ya mvuto, naye amekubali tusinunue PVC. Kesho tunapima mahali pa kusimamisha nguzo.