110 yanichosha mlima wa Mazeras: nikiweka throtoli kubwa nitapata nguvu?

Dereva_Kisauni

Asalaam aleikum wadau. Nina Toyota 110, injini ya 5A-FE, gia za mkono. Kila Jumamosi napeleka samaki Mariakani, makasha mawili ya barafu nyuma. Kuanzia Miritini iko sawa, lakini ikianza kupanda Mazeras yachoka, nashuka gia ya tatu na trela yanipumulia mgongoni. Plagi ni mpya, chujio la hewa jipya.

Sasa kuna muuza spea ana throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ya injini kubwa zaidi. Mdomo wake ni milimita 60, yangu nimeipima kwa rula ni 50. Ataka 8,000. Asema injini itapumua vizuri na nitapata nguvu za farasi 15 papo hapo. Ni kweli ama napigwa?

Mzuka_wa_Lami

Weka tu shekhe. Mimi niliweka, ukigusa mafuta kidogo gari yaruka. Ikisimama yanguruma juu kidogo, lakini hilo si neno.

Fundi_Chaani

Usitoe hela bado.

Huyu mwenzetu hapo juu hasemi uongo, gari yake yaruka kweli. Ila kinachoruka si nguvu. Mdomo wa 60 una eneo kubwa kuliko wa 50 kwa asilimia 44. Ukikanyaga robo, kipepeo kikubwa (kile kibati kinachofungua na kufunga throtoli) kinapitisha hewa ambayo zamani ungeipata ukikanyaga zaidi. Mguu wadhani injini imeongezwa. Kanyaga mpaka chini sasa, uone kama kuna jipya.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mwaka 2011 nilikuwa na 110 kama yako, nikaifunga throtoli kubwa kwa mikono yangu. Wiki nzima natamba nayo mtaani. Mpwa wangu akanikera, akasema tuipime. Tukaenda barabara ya Mariakani alfajiri, gia ya tatu, kutoka 60 hadi 100, yeye ameshika saa. Mara tatu na kubwa, tukarudi gereji tukafunga ndogo, mara tatu tena. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko kosa la kidole chake kubonyeza saa. Sikuongea naye mpaka jioni.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Injini ya 1,498 cc hunyonya ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 5,600 kwa dakika hiyo haizidi lita 70 kwa sekunde. Kwenye tundu la milimita 50, hewa yapita kwa kasi ya kama kilomita 130 kwa saa. Yasikika nyingi, lakini msukumo unaopotea hapo ni kama asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu ya pwani. Injini hiyo ilitoka kiwandani na farasi kama 100, kwa hiyo unapigania farasi mmoja. Hao 14 wengine muulize muuzaji kawaficha wapi.

Tena mdomo wa manifoldi yako (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) umebaki 50 vilevile. Ukiweka 60 mbele yake pabaki ngazi ya milimita 5 pande zote, hewa yaligonga hilo bati na kuvurugika. Sensa ya kipepeo nayo lazima iwiane na kompyuta ya injini yako. Kwa wenye otomatiki, Toyota nyingi za miaka ile zina waya unaotoka kwenye throtoli kwenda kwenye gia, ukiuharibu urefu wake gia zitabadilika ovyo mpaka ziungue.

Throtoli kubwa ina kazi yake: umeweka tabo, au kemshafti ya mashindano, au umepanua hedi na injini yazunguka juu sana. Si ya kubebea samaki.

Kama wataka uhakika, azima geji ya vakyumu, ile ya kupima injini inavyovuta hewa. Unganisha mpira wake kwenye manifoldi, upitishe chini ya boneti mpaka dirishani, mtu wa pembeni asome. Gari ikiwa imesimama na injini yawaka bila kukanyaga mafuta, yafaa isome inchi 18 mpaka 20 za zebaki. Pandisha Mazeras, mafuta chini kabisa, ifike mizunguko 5,000 na kitu. Ikisoma inchi 1 au chini ya hapo, njia ya hewa haijabana. Ikizidi, toa chujio urudie, ujue aliyebana ni nani kabla ya kulaumu throtoli.

Na kabla ya hayo yote fungua boneti uniambie: ule mpira mnene unaotoka kwenye sanduku la chujio kwenda nyuma ya taa ya mbele, upo?

Dereva_Kisauni

Fundi, nimetoka kuangalia. Haupo! Sanduku liko mdomo wazi, laelekea rejeta. Mwaka jana nilibadilishiwa bampa, nadhani ulitolewa ukasahaulika.

Fundi_Chaani

Basi injini yako inanusa mvuke wa rejeta. Nje ni nyuzi 32, nyuma ya rejeta kwenye mlima na mzigo hazikosi 60. Hewa hiyo ni nyepesi kwa kama asilimia 8, na nguvu huifuata hewa. Tafuta mpira wa kutoka gari la kuvunjwa, uufunge, uniletee namba za geji.

Dereva_Kisauni

Nimepata mpira kwa 600. Geji imesoma nusu inchi, mafuta chini. Leo nimepanda Mazeras gia ya nne mpaka karibu na kona ya juu, ndipo nikashuka tatu. Haijawa ndege, lakini trela nimeliacha. Throtoli sikununua.

Mzuka_wa_Lami

Kwa hivyo mimi yangu niitoe?

Fundi_Chaani

Iache, ushaizoea. Ila njoo nikurekebishie huko kunguruma, usiku ukisimama Changamwe nakusikia nikiwa kitandani.