Nifuate njia ipi ili niwe mtafiti wa dawa za kuvuta mapafuni?

BintiWaKihesa:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita hapa Iringa, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na ninatarajia kuomba nafasi ya kusomea shahada ya ufamasia. Bibi yangu anayeishi Makete ana pumu ya muda mrefu, na nimeona jinsi pampu ileile inavyompa nafuu leo na kesho isimsaidie, kutegemea tu namna alivyoivuta. Ningependa kufanya utafiti wa dawa hizi kuwa kazi yangu ya maisha, lakini kila ninayemuuliza hunijibu kwamba kazi hiyo hufanyika Ulaya tu. Je, ni kweli? Kama si kweli, nianzie wapi?

Mfamasia_Uyole:
Marahaba, mdogo wangu. Wanaokuambia hivyo wana sababu, kwa kuwa maabara nyingi kubwa za fani hii ziko ng'ambo, lakini tatizo lenyewe liko hapa Mbeya kama lilivyo kwingineko, na ni vema ulielewe kabla ya kufikiria maabara.

Ili dawa ifike ndani ya mapafu, chembe zake zinatakiwa kuwa na kipenyo cha kati ya mikromita 1 na 5 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zilizo kubwa kuliko hapo hushindwa kukata kona ya koo pamoja na hewa, zikagonga nyuma ya koo na kumezwa. Zilizo ndogo mno, nyingi hutoka tena na pumzi. Kwa dawa za unga kuna ugumu mwingine: chembe ndogo kiasi hicho hugandana, kwa hiyo hupachikwa juu ya chembe kubwa za laktosi, yaani sukari ya maziwa, na ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe inayozibandua. Asiyeweza kuvuta kwa nguvu, dawa yake hubaki imenata kwenye sukari na kuishia kooni. Pampu ya gesi, ile ya kubonyeza ambayo gesi huisukuma dawa nje, kinyume chake huhitaji avute taratibu na kwa kina, na abonyeze pale anapoanza kuvuta, jambo ambalo wazee na watoto wengi hawaliwezi.

Kwa hiyo fani hii inataka ufamasia, fizikia ya mwendo wa hewa na hesabu kwa pamoja. Wewe wa PCB umesoma BAM tu, yaani hesabu za msingi, usiishie hapo.

MwalimuMstaafu_Tukuyu:
Ninaongeza upande wa watu walioifanya kazi hii, kwa sababu binti ameuliza habari za maisha ya kazi. Pampu ya kwanza ya gesi yenye kupima dozi ilitoka mwaka 1956 katika kampuni ya Riker nchini Marekani, na inasimuliwa kwamba chanzo chake kilikuwa swali la binti wa miaka 13 mwenye pumu, aliyemuuliza baba yake, mkuu wa kampuni hiyo, kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza. Roger Altounyan, daktari aliyefanya kazi Uingereza na mwenye pumu yeye mwenyewe, alijijaribia dawa mapafuni mwake hadi ikapatikana kromoglikati, dawa ya kuzuia pumu, kisha akabuni kifaa cha kuivutia chenye panga ndogo inayozunguka, wazo alilolitoa kwenye ndege alizowahi kurusha. Kujijaribia namna ile leo hakuruhusiwi, na ni haki kabisa.

Pia ajue kwamba sayansi nzuri peke yake haitoshi. Insulini ya kuvuta ya kampuni ya Pfizer iliruhusiwa mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni kwa kukosa watumiaji wa kutosha.

Muuguzi_Njombe:
Kwa hayo ya Ulaya tu, mimi sikubaliani kabisa. Profesa Heather Zar wa Cape Town na wenzake walichapisha mwaka 1999 jaribio kwa watoto waliobanwa na pumu, wakitumia chupa ya plastiki ya mililita 500 kama chombo cha kukaa kati ya pampu na mdomo, ili mtoto asilazimike kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Kitako cha chupa hutobolewa kwa waya uliopashwa moto na kukunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, pampu ikachomekwa hapo, na mtoto akavutia kwenye mdomo wa chupa. Chupa iliyozibwa vizuri kwa gundi ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani, wakati kikombe cha polistireni, plastiki nyepesi, kilifanya vibaya zaidi. Huo ni utafiti wa kweli, umefanyika Afrika, na umewafaa maskini. Mwambie bibi aulize kliniki kuhusu chupa hiyo.

BintiWaKihesa:
Nawashukuru sana. Je, nikiwa bado mwanafunzi naweza kufanya lolote katika jambo hili?

Mfamasia_Uyole:
Unaweza. Katika mradi wako wa mwaka wa mwisho, angalia hatua kwa hatua namna wagonjwa wa kliniki moja wanavyotumia pampu, waelekeze, kisha waangalie tena baada ya mwezi. Omba kwanza kibali cha maadili cha chuo na ruhusa ya hospitali, na uombe mapema, kwa sababu vibali huchelewa. Utakapoomba uzamili, mtafute msimamizi ambaye maabara yake ina mashine ya kutenganisha chembe kwa ukubwa, kwa maana bila hiyo hutajua dawa yako inaishia kooni au inafika mapafuni.