Stesheni ya Voi juu ya meza: reli ya milimita 12 au 16.5?

Mjukuu_wa_Voi:
Habari zenu wakuu. Nina chumba cha ziada hapa Mombasa na nimeshapima ukuta: meza ya plaiwudi ya mita 3 kwa sentimita 60 inaingia. Nataka kujenga mfano mdogo wa stesheni ya Voi ya miaka ya 1960, babu yangu alipokuwa akifanya kazi pale. Njia kuu ya Mombasa–Nairobi, tawi la Taveta likichepuka, tangi la maji, na garati, ile injini kubwa ya mvuke, la daraja la 59 lenye rangi ya damu ya mzee.

Tatizo ni kwamba reli za mfano zinazopatikana kirahisi zina upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Nikiweka juu yake behewa la uwiano wa 1:87, macho yangu yanakataa. Nivumilie tu? Na ule udongo mwekundu wa Voi mnaupata vipi? Rangi zote za kopo nilizojaribu zinatoka kama tofali.

Fundi_Mataruma:
Usivumilie, kaka. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Gawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5, kwa hiyo 12 ndiyo yako. Ile 16.5 ni geji (upana wa reli) ya milimita 1,435, yaani reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2017. Ukilipandisha garati juu yake, umevuruga kitu chenyewe unachotaka kukikumbuka.

Ulizia reli za HOm, ndizo za milimita 12 kwa uwiano wa 1:87. Zinatengenezwa hasa kwa wapenzi wa treni za Uswisi, na kampuni ya Peco wanazo. Mataruma yake, yale yanayolala chini ya reli, yameigizwa mbao, yapake rangi ya kutu, kwa maana mengi ya kwetu yalikuwa ya chuma.

Garati utalijenga mwenyewe. Lile la kweli lina urefu wa karibu mita 32, kwako litakuwa kama sentimita 37. Lina injini mbili chini ya boila moja, kwa hiyo tafuta chasi mbili ndogo zenye mota. Yalikuwa 34, yote yamepewa majina ya milima. Mount Gelai, namba 5918, lipo makumbusho ya reli Nairobi. Nenda na futi ya kupimia, na piga picha za mabomba upande kwa upande. Michoro haionyeshi kila kitu.

Bi_Katani:
Mwanangu, achana na rangi za kopo. Ukipita Voi chota udongo wenyewe, mfuko mdogo unatosha. Ukaushe juani, kisha ukaange kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, halafu upitishe kwenye chujio la chai. Sasa sikiliza vizuri: pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Udongo ule una chembe zinazovutwa na sumaku, na zikiingia kwenye mota ya injini zitaiharibu.

Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha gundi ya mbao uliyoichanganya na maji nusu kwa nusu. Udongo ukishika gundi hukoza, basi chagua uliopauka kidogo kuliko unavyotaka.

Nyasi kavu ni katani. Kata nyuzi fupi fupi, zisimamishe kwa vishungi, usizipange sawasawa. Tena katani ina haki yake pale, maana tawi la Taveta linapita Mwatate kwenye mashamba ya mkonge.

Mjukuu_wa_Voi:
Asante sana Bi Katani, na fundi pia. Nimeamua 12. Bado moja: mita 3 ni kama mita 260 za kweli. Stesheni yote haiingii.

Fundi_Mataruma:
Usiibane yote. Weka upande mmoja tu: jukwaa, tangi, na pale tawi linapoachana na njia kuu. Treni itokee nyuma ya ubao uliochorwa Milima ya Taita. Pinda zisipungue nusu kipenyo cha sentimita 60, garati lako ni refu. Na kwa kuwa uko Mombasa, paka plaiwudi rangi pande zote mbili na kingo zake kabla ya kulaza reli, la sivyo unyevu wa bahari utaivimbisha na viungo vyote vitaachia.

Bi_Katani:
Na picha tuone, mwanangu. Anza na lile tangi.