Naomba ushauri: kushona kava za vinili za viti vya boti
Ndugu mafundi, ninashona kava za vinili (kitambaa cha plastiki kinachofanana na ngozi) za viti vya boti, na kinachonisumbua zaidi ni kona: vinili hunata chini ya mguu wa cherehani, mishono hubanana, na kwa kuwa tundu la sindano halizibiki, siwezi kufumua na kurudia bila kuacha alama. Natumia sindano namba 16 na uzi wa poliesta, kwani ule wa pamba huoza upesi kwa unyevu. Je, nirefushe mshono hadi milimita 4 au 5, au nifunge kwanza mguu wa tefloni, yaani ule wa plastiki laini usionata? Vilevile, chini niweke kitambaa cha wavu ili maji yachuruzike kutoka kwenye sponji, au matundu yenye pete za shaba yanatosha? Nitashukuru sana kwa maoni ya waliokwisha kuona kazi yao ikikaa juani na kwenye maji ya chumvi.