Banda la nchi yetu kwenye maonyesho ya dunia ni aibu tupu

Wakuu, nimetoka kwenye banda letu nikiwa nimefura, na sitaandika kwa upole.

Kwanza msidanganyike na zile picha za foleni zinazorushwa mitandaoni. Foleni ile ni ya muhuri. Wageni wengi hutembea na vijitabu mfano wa pasipoti, wanagongewa muhuri kila banda wanaloingia. Kwetu wanagongewa, wanachungulia, wanageuza. Na wakae waone nini? Skrini kubwa imeandika "hakuna mawimbi". Ya pili inarudia video ileile ya mkubwa akikata utepe, sauti imezimwa. Kuna ramani ya vitufe; mtoto mmoja alibonyeza vyote, hakuna taa hata moja iliyowaka, babake akamshika mkono wakaenda zao. Vipeperushi vimebandikwa stika kuficha mwaka wa zamani! Nikamuuliza mhudumu zao lililo kwenye chupa linalimwa mkoa gani, akanionyesha msimbo ukutani niskani. Nikaskani. Ukurasa haupo.

Maonyesho haya makubwa huweza kwenda hadi miezi 6. Sisi tumejiandaa kwa siku ya ufunguzi tu. Siku hiyo msafara ulitimia, suti na posho. Wakubwa walipopanda ndege, banda wakaachiwa vijana ambao hakuna aliyewapa hata semina. Sina ugomvi nao.

Na kabla hamjaleta hoja ya bajeti: mwaka 1929 kule Barcelona, Ujerumani ilijengewa banda na msanifu majengo Mies van der Rohe ambalo ndani karibu hamkuwa na bidhaa yoyote. Mawe, vioo, viti, sanamu moja kwenye kidimbwi. Lilibomolewa 1930, na bado likajengwa upya palepale, likakamilika 1986. Shanghai 2010, Uingereza ilionyesha mbegu. Mbegu, jamani! Zimepachikwa kwenye ncha za fito angavu zipatazo 60,000. Najua marumaru na fito hizo si za bure, lakini kuna mtu alikaa chini akafikiria mgeni aondoke na nini kichwani. Kwetu nani alifikiria?

Nauliza: nani alikagua banda baada ya wiki ya kwanza? Fundi wa zile skrini ana mkataba au aliondoka na msafara? Ripoti ya maonyesho yaliyopita iko wapi? Mwenye majibu aweke hapa. Ninyi wa "uzalendo kwanza", naomba mpite kimya.